Kikwazo ni kitu gani hasa, na kwa nini siku hizi kila kikwazo kimegeuka kuwa changamoto?

#1 – Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuja na jambo la lugha ambalo limenikosesha raha tangu juma lililopita, na naomba wenye ujuzi mnisaidie kabla sijarudisha kazi ya watu.

Mimi huandika na kuhariri taarifa za utekelezaji za kamati mbalimbali. Nadhani hakuna asiyezijua taarifa hizo: jedwali lenye safu ya namba, safu ya shughuli, safu ya mafanikio, safu ya changamoto na safu ya utatuzi. Katika taarifa ya mwisho nilitumia neno kikwazo, au vikwazo, mara 11. Imerudi kwangu ikiwa imejaa wino mwekundu. Kila "kikwazo" kimekatwa na juu yake kumeandikwa "changamoto", na pembeni kuna maelezo mafupi kwamba neno kikwazo ni kali mno na linaweza kumfanya msomaji adhani kuna mtu anayelaumiwa. Mstari mmoja kati ya iliyosahihishwa sasa unasomeka hivi: "Choo cha wasichana kimekuwa na changamoto ya kujaa."

Mtazamo wangu ni huu. Neno kikwazo limezaliwa mguuni. Asili yake ni kitenzi kwaa, ambacho leo tunakisikia zaidi katika umbo la kujikwaa: mtu anatembea, kidole gumba kinagonga jiwe au kisiki, kiwiliwili kinautangulia mguu, na asipojishika huanguka. Anayesababisha hali hiyo anakwaza, na kile anachokwazia ni kikwazo. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe mna mambo mawili ambayo siyaoni katika "tatizo" wala katika "changamoto". Kwanza, lazima awepo mtu ambaye tayari alikuwa anakwenda, kwa kuwa aliyelala kitandani hawezi kujikwaa. Pili, kitu chenyewe kinaweza kuonyeshwa kwa kidole, kwamba ni hiki hapa, na kikiondolewa mwendo unaendelea. Tunapoambiana kwamba mtu aangalie alipojikwaa, asiangalie alipoangukia, tunamaanisha hilo hilo: pale alipoangukia pana vumbi na maumivu tu, ilhali kikwazo kimebaki nyuma hatua mbili tatu, pengine kimefunikwa na majani.

Ninachouliza ni kama maana hiyo bado inaishi katika matumizi ya leo, au ni mimi ninayeng'ang'ania jiwe ambalo wenzangu walishaliacha nyuma.

#2 – Mchangiaji, mwalimu wa Kiswahili

Mleta mada, asili uliyoitaja ni sahihi. Kutoka kwaa tunapata kwaza, na kutoka kwaza tunapata kikwazo kwa kuweka ki- mwanzoni na -o mwishoni, kama tunavyopata kifuniko kutoka funika na kizibo kutoka ziba. Ni jina la chombo. Kizuizi kimejengwa kwa njia nyingine: kitenzi zuia kimepewa mwisho wa -zi, ule ule tunaouona katika kinyozi (kutoka nyoa) na mlezi (kutoka lea), na mwisho huo mara nyingi humtaja mtenda. Sitaki kujenga ghorofa juu ya kiambishi kimoja, lakini masikioni mwangu tofauti hiyo ipo. Kizuizi kimesimama na kinafanya kazi ya kuzuia, hata asipopita mtu yeyote siku nzima. Kikwazo kinasubiri mguu.

Pingamizi nalo lina ukoo wake. Linatoka katika pinga, na liko jirani na pingama, yaani kukaa kwa kuikatiza njia, kama tunavyosema mti umekingama barabarani. Hata hivyo leo neno hilo limehamia mdomoni na katika karatasi. Wakili huweka pingamizi la awali kabla kesi haijaanza kusikilizwa, na mgombea huwekewa pingamizi baada ya uteuzi. Jiwe haliwezi kuweka pingamizi. Anayelileta ni mtu, na analileta kwa kusema.

Kuna jambo ambalo hukulitaja na ambalo mimi naliona kuwa kasoro kubwa zaidi katika taarifa zetu kuliko hiyo changamoto, nalo ni kile kihusishi "cha" kinachofuata baada ya kikwazo. Tazama maneno haya mawili: "kikwazo cha maendeleo" na "kikwazo cha mtaji". La kwanza lina maana kwamba maendeleo ndiyo yanayozuiwa. La pili lina maana kwamba mtaji, au ukosefu wake, ndio unaozuia. Umbo ni moja na maana zimepeana mgongo. Msomaji huelewa kwa sababu anaijua dunia, na sentensi yenyewe haijamsaidia. Sasa mpe "kikwazo cha elimu". Je, elimu imekwazwa, au elimu ndiyo inayokwaza? Nimewahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi aliandika kwamba "kikwazo cha wazazi ni kikubwa", na nilipomwita mezani akanieleza kwamba alikusudia vikwazo wanavyokutana navyo wazazi, wakati mimi nilishamkata alama nikidhani anawalaumu. Nilimrudishia alama zake. Tangu siku hiyo ninawafundisha kuandika "kikwazo kwa" au "kikwazo katika" pale wanapotaja kinachozuiwa, na kuibakiza "cha" kwa kile kinachozuia. Si kanuni iliyoandikwa mahali popote. Ni usafi wa nyumba tu.

#3 – Mchangiaji

Nikiwa mtu wa barabarani, naona mwalimu amepatia kuhusu kizuizi. Sisi tunaoendesha magari ya mizigo hatusemi kwamba mbele kuna kikwazo. Tunasema kuna kizuizi, au kuna geti, na wengine husema beria. Ninayoifahamu zaidi ni ya gogo jembamba lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, kitako chake kimefungiwa jiwe zito ili lisimsumbue mtu kuliinua, na ncha yake ina kamba inayoshikwa na kijana aliyekaa kwenye benchi chini ya mwembe. Gogo linainuka na kushuka siku nzima. Halimkwazi mtu, kwa kuwa unaliona ukiwa mbali, unapunguza mwendo, unatoa karatasi zako, unapita.

Kinachotukwaza ni tuta lisilo na alama. Umetoka kwenye kona usiku, taa za anayekuja zimekupiga machoni, ghafla gari zima linaruka na mzigo unahama. Hicho ndicho kikwazo, na asubuhi utawakuta watu wa kijiji hicho wanakueleza kwa utulivu kabisa kwamba tuta waliliweka wao wenyewe kwa ajili ya watoto wanaovuka kwenda shule. Kwao wao ni kizuizi cha mwendo kasi. Kwangu mimi ni kikwazo. Tuta ni moja.

#4 – Mchangiaji

Naomba niingize jambo la magazetini, maana huko ndiko neno hili lilikopata mshahara mnono.

Kwa msomaji wa habari za kimataifa, "vikwazo" ni adhabu ambayo nchi moja, au kundi la nchi, huiwekea nchi nyingine kwa kukata biashara, usafiri au fedha. Maana hiyo imetulia kiasi kwamba tukisikia "vikwazo dhidi ya" hatungoji kuelezwa zaidi. Ilipofika Desemba 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliiwekea Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, vikwazo vya kiuchumi vya lazima, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Baraza hilo kufanya hivyo. Karibu zaidi na sisi, mwezi Julai 1996, baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka kwa mapinduzi, viongozi wa nchi za ukanda huu walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo, Mwalimu Nyerere akiwa ndiye msuluhishi, na havikusitishwa hadi Januari 1999. Aliyekuwa Kigoma au Bujumbura miaka hiyo hahitaji kamusi.

Jambo la kupendeza ni kwamba maana hiyo ina sarufi yake. Mosi, huwa katika wingi karibu kila mara. Ukisema "nchi ile ina kikwazo cha kiuchumi", umesema kwamba kuna jambo linalorudisha uchumi wake nyuma, labda haina bandari. Ukisema "nchi ile ina vikwazo vya kiuchumi", msikilizaji anauliza imewekewa na nani. Pili, kitenzi chake ni kuwekewa. Vikwazo vya kawaida mtu hukutana navyo, hukumbana navyo, huvipata njiani. Vikwazo vya mataifa huwekewa, na baadaye huondolewa, hulegezwa au husitishwa na aliyeviweka. Kwa hiyo yule aliyemwandikia mleta mada kwamba neno hili linanusa lawama hakukosea kabisa. Linanusa kweli, kwa sababu ya habari za saa mbili usiku.

Ila kuna mahali ambapo maana zote mbili zimekutana mezani. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Umoja wake wa Forodha ulianza mwaka 2005, ilitunga mwaka 2017 sheria ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha. Humo kuna mizani iliyo mingi kupita kiasi, kuna viwango vya ubora visivyotambuliwa na upande wa pili wa mpaka, kuna mihuri inayodaiwa mara mbili. Vingine viliwekwa kwa makusudi ili mahindi ya jirani yasiingie. Vingine ni uzembe tu wa ofisi. Neno vikwazo linavibeba vyote bila kusema kipi ni kipi, na nahisi waliokaa mezani walilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Wangeandika "vizuizi", ingebidi wamtaje aliyesimama getini.

#5 – Mchangiaji

Shikamoo mwalimu, na shikamooni wakubwa wote. Mimi naongeza upande wa kanisani, ambako kitenzi chenyewe kina nguvu kuliko jina.

Katika Biblia ya zamani ya Kiswahili, Mambo ya Walawi sura ya 19, kuna agizo la kutotia "kwazo" mbele ya kipofu. Ni kwazo, bila ki-, na wingi wake ni makwazo. Humo neno bado ni jiwe halisi linalowekwa mbele ya mguu halisi. Lakini tazama lilikofika baadaye. Kwaya ikimaliza kuimba, kiongozi anasimama na kusema, "Kama tumemkwaza mtu yeyote, tunaomba radhi." Hakuna jiwe wala mguu hapo. Kukwaza ni kuumiza moyo, na kukwazika ni kuumia moyo. Nyumbani kwetu mtu akisema "nimekwazika", chakula kinapoa mezani mpaka jambo liishe.

Nilipokwenda kuishi Tanga nilikuta majirani zangu hawasemi hivyo. Wao walisema nimewaudhi, au nimewakera, na siku niliyomwambia bibi mmoja wa jirani, "Samahani bibi kama nimekukwaza", alitazama chini miguuni kwake kwanza, kisha akacheka. Ndipo akaniambia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sijui kama alikuwa anaisahihisha lugha yangu au anaisamehe.

#6 – Mchangiaji

Nimesoma yote kwa makini, na sasa naomba nipingane na mleta mada kwa heshima, kwa sababu maelezo yake mazuri ya mguu yameniacha nje.

Mimi natumia kiti mwendo. Sijikwai. Kwa kipimo chake cha kidole gumba na jiwe, mimi sina vikwazo, jambo ambalo ningefurahi sana kama lingekuwa kweli. Ngazi tatu tu zilizo mbele ya mlango wa ofisi zinatosha kunirudisha nyumbani. Sizigongi wala hazinishtui. Naziona tangu ng'ambo ya barabara, kama dereva anavyoliona gogo lake. Kwa hiyo tukifuata mgawanyo wenu, ngazi zile ni kizuizi. Hata hivyo sheria na mikataba inayotuhusu, tangu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, tunapoizungumza kwa Kiswahili tunasema vikwazo, na hoja yake kubwa ni kwamba ulemavu hautoki mwilini peke yake, unatokea pale mwili unapokutana na vikwazo vilivyomo katika mazingira na katika fikra za watu. Mimi nalipenda neno hilo hapo. Linasema kwamba nilikuwa nakwenda. Ninyi mmeona mguu. Mimi naona mwendo.

Sasa niwape kisa kimoja, ofisi yenyewe nitaiacha bila jina. Nilifika kufuatilia hati. Nikabaki chini ya ngazi, nikamtuma kijana mmoja aniitie mhudumu. Mhudumu akatoka, akasimama ngazi ya juu kabisa, akainama kidogo kwa adabu na kuniambia, "Mzee, tunaitambua changamoto yako." Nilimjibu kwamba changamoto si yangu, na kwamba zile ngazi sikuzijenga mimi. Alikuwa kijana mwema, nadhani hakuelewa nilichokasirikia. Lakini tazameni kazi iliyofanywa na neno lile. Angesema "tunatambua kwamba ngazi hizi ni kikwazo", macho yetu sote wawili yangetazama ngazi. Aliposema changamoto yako, macho yakashuka kwenye miguu yangu. Siku hizi tunaitwa hata watu wenye changamoto ya viungo, wengine wenye changamoto ya usikivu, na wanaotuita hivyo wanaamini kwamba wametuheshimu.

Walijenga njia ya mteremko mwaka uliofuata. Imejengwa upande wa nyuma, na mwisho wake pana mlango unaofungwa kwa kufuli.

#7 – Mchangiaji

Nisiwachoshe. Changamoto si neno baya. Kwa maana yake nzuri ni jambo linaloamsha ari, linalokutaka upime nguvu zako, na ndiyo maana mwalimu wa mpira anaweza kufurahi kwamba ligi ya mwaka huu ina changamoto. Kosa limeingia tulipoifanya kitambaa cha kufunikia kila kidonda. Mgonjwa kukosa dawa hakumwamshii ari yoyote.

#8 – Mchangiaji

Kwa kuwa ametajwa mwalimu wa mpira, na sisi wa riadha tusisahaulike. Mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zina viunzi 28 na maji mara 7, na kwa wanaume kila kiunzi kina kimo cha sentimita 91.4. Filbert Bayi aliipatia Tanzania medali ya fedha katika mbio hizo huko Moscow mwaka 1980. Vile ni viunzi, na sijamsikia mtangazaji akiviita vikwazo. Mkimbiaji anajua vilipo, anahesabu hatua zake, na kikiondolewa hata kimoja mbio zinakuwa batili. Kikwazo ni kile ambacho mbio zingekuwa halali zaidi bila ya hicho.

#9 – Mleta mada

Wakuu, nimerudi. Ahsanteni, na kwa ndugu wa #6 nakiri kwamba nilikuwa nimelifungia neno mlango ambao wewe umeufungua. Nilisema ni lazima awepo mtu anayekwenda, kisha nikasahau kwamba watu hawaendi kwa miguu peke yake. Kushtukizwa si sharti la kikwazo. Ninaloling'ang'ania bado ni lile la kidole: kikwazo kinaweza kuonyeshwa, na kikishaonyeshwa watu huanza kuulizana nani atakitoa. Nadhani hilo ndilo lililomtisha aliyenirudishia taarifa, wala si ukali wa neno.

Usiku wa jana nilikaa na zile sehemu 11, moja baada ya nyingine, nikiwa nimeifungua mada hii pembeni. Hesabu yake imekuwa hivi. Sehemu nne nimezirudisha kuwa vikwazo, ikiwamo ile ya daraja la miti lililosombwa na maji, kwa sababu watoto walikuwa wanakwenda shule na sasa hawafiki. Katika mbili kati ya hizo nimefuata ushauri wa mwalimu na kuandika "kikwazo kwa". Sehemu mbili zimekuwa vizuizi, maana zinahusu geti la ushuru na mtu anayelisimamia. Moja ni pingamizi, kwa kuwa familia moja ilipinga kwa maandishi mpaka wa eneo la shule, na ni haki yao kupinga. Moja nimeiacha iwe changamoto kwa moyo mweupe kabisa: kamati imejiwekea lengo la kupanda miti mingi kuliko mwaka jana, na hiyo ni changamoto kweli.

Tatu zilizobaki hazikuhitaji neno lolote kati ya haya. Pampu ya kisima imeharibika. Mwalimu wa hesabu amehama na hajapatikana mwingine. Choo cha wasichana kimejaa.

Nimeituma asubuhi hii. Ikirudi na wino mwekundu, nitawajulisha.